Kusema na Kunyamaza katika Utendi wa Mwana Kupona

Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu Uingereza mwaka 1934, waliupa kichwa kinachotaja wajibu wa mke. Wasomaji wengi bado wanausoma kwa jicho hilo: wosia wa utiifu, basi. Naona kichwa kile kimeubana mno. Mwana Kupona binti Mshamu anamfundisha binti yake jambo pana zaidi, yaani lini mtu aseme, aseme vipi na lini anyamaze, ili asipotewe na watu wake.

Umbo lenyewe linatuonyesha hivyo. Utendi ulitungwa mwaka 1858, mama akiwa mgonjwa, miaka 2 baada ya kufariki mumewe Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Desturi ya tendi ni kutanguliza sifa za Mungu na Mtume. Hapa kinachotangulia ni mama kumwita mwanawe asogee, kumweleza maradhi yake, kumwagiza wino na karatasi. Bismillahi inafuata baada ya hayo. Maongezi ya chumbani yamepewa nafasi ya ufunguzi. Mizani 8 za kila mshororo zinatosha agizo moja au katazo moja, bila nafasi ya kufafanua, na ndivyo mama anavyosema na mwanawe akiwa na mengi na muda mchache. Kina cha mshororo wa nne nacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza, na mara kwa mara kinaangukia kwenye vitenzi vya kutendea. Hivyo beti nyingi zinarudi kwa mtu anayetendewa au anayeambiwa.

Beti zinazohusu watu kwa jumla ndizo ninazozipenda zaidi. Binti aongee na wenzake kwa mzaha unaofurahisha, na neno likiwa la kuudhi, heri alinyamazie. Asibebe dhana juu ya mambo asiyoyaona. Ajihadhari na kunong'ona. Hilo la kunong'ona ni la mtu aliyeishi katika miji ya mawe, nyumba zikitazamana uchochoroni, ambako neno la baraza moja hufika baraza la pili kabla ya magharibi. Urafiki unavunjwa na maneno madogo kama hayo, nasi sote tumeshuhudia.

Kisha anakuja mume. Akisema, mke asimjibu, ajitahidi kunyamaza. Akilala, asipaaze sauti. Msomaji wa leo anakereka, na ana haki ya kukereka. Ila asiishie hapo, kwani mbele kidogo mama anamwambia binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Yule ambaye maneno yake hayajibiwi sasa amefananishwa na asiye na maneno kabisa! Mfano huo umegeuza mizani ya nyumba. Anayenyamaza ndiye mlezi, anayejua mtoto anataka nini kabla hajalia. Ukimya wake una akili na una madaraka. Sidhani Mwana Kupona aliuweka mfano huo pale kwa bahati.

Na mume anapata kusema lini? Kitandani, anapokufa. Mama anasimulia kwamba saa ilipofika, mumewe alimkariria radhi. Kitenzi hicho cha kukariri kina uzito: radhi haikutamkwa mara moja ikaisha, ilirudiwarudiwa. Ndoa yao imehitimishwa kwa neno la mdomo, mbele ya mke aliyekuwa akilisubiri.

Kuelekea mwisho anageuka kutoka kwa binti mmoja na kuwahimiza wanawake wote wausome utendi, kisha anahesabu beti zake mwenyewe: 100, na 2 za nyongeza. Mwanamke aliyeusia ukimya amesema beti 102 na anataka zisomwe na wote.

Lipo pengo, na silifichi. Hakuna ubeti hata mmoja unaosema mume azungumze vipi na mkewe. Mama alikuwa akimuusia binti, ndiyo, lakini mazungumzo ni ya watu wawili, na utendi umeutwika mzigo wote upande mmoja. Kwa hiyo ninawaomba walimu wanaousomesha waanze na beti za mzaha, dhana na kunong'ona, wazisome na wavulana na wasichana pamoja, ndipo wazifikie zile za mume.