Baba Amerudi, Kitabu Hakijaisha

Wasomaji wa The House of Rust huachana njia mahali pamoja. Riwaya hiyo ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa, ilitolewa na Graywolf Press mwaka 2021 baada ya mswada wake kushinda tuzo ya kwanza ya mchapishaji huyo kwa waandishi wa Afrika, na mwaka 2022 ikawa ya kwanza kabisa kutunukiwa Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Mwanzo wake haugombaniwi na mtu. Mvuvi Ali ametoka kwenda baharini na hakurudi. Binti yake Aisha anapanda chombo kilichoundwa kwa mifupa, paka msomi aitwaye Hamza anamwongoza, na huko mbele anakutana na madubwana matatu ya bahari. La mwisho ni Baba wa Papa. Aisha anamkabili, anapona, anamrudisha babake nyumbani. Kisha msomaji anatazama kurasa zilizobaki mkono wa kulia na kuona bado ni nyingi. Wengine huendelea kwa furaha. Wengine hunung'unika kwamba hadithi imekwisha ila mwandishi hataki kuaga: bahari ilikuwa na mwendo, nchi kavu ni maneno matupu. Nadhani wanaonung'unika wameona kitu cha kweli ila wamekipa jina lisilo lake. Bajaber ameimaliza kazi ya shujaa mapema kwa makusudi, na uzito wa riwaya nzima ameuweka katika sehemu hiyo inayolalamikiwa.

Lalamiko lenyewe lina ukoo mrefu katika fasihi ya kifantasia. The Two Towers, juzuu ya pili ya The Lord of the Rings, ilitoka Novemba 1954, na hadi leo wako wanaoisoma kwa subira tu wakingojea ya tatu. Mtunzi wake, Tolkien, alikuwa ameandika kisa kimoja kirefu. Gharama za uchapishaji baada ya vita ndizo zilizofanya kikatwe vipande vitatu, kwa hiyo juzuu ya kati haina mwanzo wake wala mwisho wake. Hilo ni kweli. Lakini angalia alivyoipanga ndani. Nusu ya kwanza yote inamfuata Aragorn na wenzake, wala hatumwoni Frodo, mhusika mkuu, hata mara moja. Nusu ya pili yote ni ya Frodo, Sam na Gollum. Peter Jackson alipoitoa filamu mwaka 2002 alizisuka nusu hizo mbili pamoja, mtazamaji asikae mbali na mhusika yeyote kwa muda mrefu. Filamu ikapata kasi, ila kitu kimoja kikapotea. Katika kitabu Aragorn hajui kama Frodo yu hai, na msomaji naye hajui. Wanatembea gizani pamoja kwa mamia ya kurasa. Kero anayoipata msomaji hapo ndiyo hali ya wahusika, na imefikishwa kwake kwa mpangilio wa sura peke yake, bila maelezo ya ziada.

Bajaber amethubutu zaidi ya hapo. Katika hadithi nyingi za kutafuta aliyepotea, aliyepotea huhifadhiwa hadi kurasa za mwisho, kwa sababu yeye ndiye anayemvuta msomaji. Hapa amepatikana, na mvuto huo umeondoka. Badala yake imewekwa hofu ya aina nyingine. Dubwana lina mwili na lina tamaa. Unaweza kulipiga, kulihadaa, kupatana nalo. Hababa Swafiya, bibi yake Aisha, ni mtu wa namna gani? Anampenda mjukuu wake, anamtakia amani, na amani anayoijua yeye ni ndoa. Kijana anayeletwa ni mpole, hana ubaya wowote. Adui hayupo. Silaha zilizomwokoa Aisha baharini, ukaidi wake na ule moyo wa kutoogopa kufa, zikiinuliwa sebuleni hazina pa kutua isipokuwa juu ya mtu anayempenda. Hapa ndipo mpangilio unapofanya kazi. Kama mvutano wa ndoa ungewekwa wote kabla ya safari, tungemwona msichana anayekataa kuolewa kwa sababu ya ndoto zake, na msomaji mwenye umri wa Hababa angetikisa kichwa akasema atatulia tu. Ukija baada ya Baba wa Papa, kukataa kwake kuna ushahidi. Sisi tumeshuhudia anachokiweza. Nyumbani kwake hawakushuhudia.

Badiliko la pili la kiufundi liko katika sauti. Baharini tulikuwa karibu na Aisha kila hatua. Tukifika nchi kavu wanaongezeka wasemaji, na kunguru ndio wenye maneno mengi kuliko wote. Kunguru wa Mombasa hahitaji kuelezwa: yule mwenye shingo ya kijivu, mgeni aliyekuja kutoka Bara Hindi akatamalaki, mwizi wa samaki na wa vifaranga, asiyetakiwa na mtu. Bajaber amempa kumbukumbu, mabishano na wasiwasi wa kweli. Matokeo yake ni kwamba mji ambao msomaji aliudhani ni ufuko wa salama, mahali pa kurudia baada ya hatari, unaanza kuwa na macho mengi kama bahari ilivyokuwa nayo. Hilo haliwezi kufanywa kwa haraka. Bahari ni ngeni kwa kila mtu, kwa hiyo sentensi mbili zinatosha kumtisha msomaji. Kichochoro na paa la nyumba ya jirani vimezoeleka, na kuvifanya viwe vigeni tena kunadai kurasa.

Kuna wanaosema mtindo huu umetoka ng'ambo, kwamba hadithi zetu za Pwani huenda moja kwa moja, shujaa na adui yake mpaka mmoja aanguke. Fumo Liyongo anawakanusha. Katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, jitu ambalo nguvu zake zimesifiwa tangu mwanzo linatiwa gerezani Pate, na pale katikati tendo kubwa ni chakula. Mama anapika, mjakazi Saada anapeleka, walinzi wanakula kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anatuma ujumbe wa mafumbo kwamba uokwe mkate wa wishwa na ndani yake zitiwe tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, unamfikia mwenyewe, na ngoma ya gungu inapochezwa nje kelele zake zinafunika sauti ya tupa zikikata pingu. Shujaa amekaa kitako muda wote huo. Hata hivyo msimuliaji akiiruka sehemu hiyo watu watamrudisha nyuma, kwa kuwa ndiyo wanayoikumbuka. Nguvu alizosifiwa nazo hazimsaidii pale. Zinazomtoa ni akili yake pamoja na mikono ya wanawake wawili. Mtunzi ameisimamisha safari ili mtu aonekane akiwa hana kile alichozoea kukitegemea, na Aisha mbele ya Hababa Swafiya amewekwa katika hali iyo hiyo.

Msomaji wa Mombasa bara ana sababu yake ya kuisoma sehemu hii kwa makini. Kwa mtu wa Likoni kuvuka maji si tukio la kusimuliwa, ni ratiba ya asubuhi na jioni, na mambo mazito ya siku yako ng'ambo zote mbili za mvuko. Maji hayo yana historia vilevile. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama katika mvuko jirani wa Mtongwe na kuua zaidi ya watu 250. Safari yenyewe ilikuwa fupi mno; nyumba zilizopokea habari ile ndizo zilizobaki na miaka ya kuishi nayo. Riwaya inayosimama pale baba anapotolewa majini ingekuwa imetoa hesabu ya bahari ikaisahau hesabu ya nyumba.

Nia njema ya mwandishi, hata hivyo, haiokoi ukurasa unaochosha, na pingamizi hili nalikubali kwa sehemu. Baadhi ya mazungumzo ya wanyama yamerefushwa kupita kazi yake. Mafumbo yanafuatana kabla lililotangulia halijatulia, na aliyechoka hapo hakukosa akili ya kusoma. Kosa hilo ni la kipimo, na mhariri mkali zaidi angelipunguza bila kugusa mpango. Pendekezo la kukata kitabu kiwe viwili, cha bahari na cha nchi kavu, ni jambo jingine, na hilo lingekiua. Cha pili kingesomwa peke yake kama hadithi ya ndoa isiyotakiwa, na hizo tunazo rafu nzima. Ndani ya jalada moja, Baba wa Papa bado yumo chumbani posa inapozungumzwa. Mwenye shaka asome maneno ya Hababa Swafiya kwa mjukuu wake kabla ya safari, kisha ayasome ya baada yake. Bibi bado anadai kilekile, kwa upendo uleule. Mara ya kwanza msomaji anaweza kumpa haki bibi huyo bila kusita. Mara ya pili anasita, na hakuna kilichoongezeka katikati hapo isipokuwa safari.