Mikono Iliyo Chini ya Sakafu

Vaa soksi mkononi, gumba chini na vidole vinne juu, kisha mwambie aliye mbele yako "habari za asubuhi". Karibu kila anayejaribu mara ya kwanza huufunga mkono pale pale silabi inapotoka, na soksi huonekana inayatafuna maneno badala ya kuyasema. Mchezesha vikaragosi aliyefundwa akafundika hufanya kinyume: huufungua mkono kwa kila silabi, ha-ba-ri, na kinachoshuka ni gumba. Vidole vya juu hutulia. Vikichezacheza, kichwa kizima kitarukaruka, macho yatapoteza kile yalichokuwa yakikitazama, na kikaragosi kisichotazama kitu ni kitambaa tu.

Kiswahili kinalifaa sana zoezi hili, kwa kuwa silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu, mdomo ukiwa wazi. Nyumbani kwetu tumelifanya mara nyingi jioni ya Krismasi, sahani za pilau zikiwa bado mezani, kwa sababu ya filamu moja ambayo watoto huidai kila mwaka: The Muppet Christmas Carol, ya mwaka 1992.

Kisa chenyewe ni cha Charles Dickens, aliyekichapisha Desemba 1843. Mzee bahili wa London, Scrooge, anatembelewa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi mpaka moyo wake unalainika. Michael Caine ndiye Scrooge. Wanaomzunguka karibu wote ni vikaragosi: chura Kermit ni karani wake, Bob Cratchit, Miss Piggy ni mke wa karani, na Gonzo, mwenye pua ndefu iliyojikunja, anajitambulisha kuwa ni Dickens mwenyewe na kutusimulia hadithi, huku panya Rizzo akimfuata nyuma na akili yake yote ikiwa kwenye chakula. Nyimbo zilitungwa na Paul Williams, na ni za kukaa kichwani hadi Januari.

Filamu ilipigwa katika studio za Shepperton, Uingereza, na kazi kubwa ilikuwa sakafuni. Sakafu za majukwaa ziliinuliwa juu, kisha mbao zikawa zinaondolewa ili wachezeshaji wasimame chini, mkono mmoja umenyooshwa juu ya kichwa, macho yakiwa kwenye skrini ndogo inayowaonyesha kile kamera inachokiona. Caine alilazimika kupita juu ya vibao vyembamba katikati yao. Itazame tena ofisi ya Scrooge ukilijua hilo. Mzee anavuka chumba kwa hatua nzito za mtu mwenye mali, wala huoni hata mara moja mguu wake ukitafuta mahali pa kukanyaga. Hapo nasimama kila mara. Mwendo ule peke yake ni kazi ya fundi.

Lakini kikubwa zaidi alichofanya Caine ni kuwatazama. Alikwisha kusema kwamba ataigiza kana kwamba yuko na Royal Shakespeare Company, bila kumkonyeza mtazamaji, na ahadi hiyo aliitimiza. Anapomkaripia Cratchit, anamkaripia karani. Mtoto wa miaka sita anayeketi kando yangu hamwonei huruma chura. Anamwonea huruma mfanyakazi anayeomba siku moja ya mapumziko. Huruma hiyo inaanzia kwenye macho ya Caine, kwa sababu sisi huamini kile ambacho mtu mzima aliye mbele yetu anakiamini.

Kichwa cha Kermit hakina mitambo ndani. Kuna kitambaa na mkono, basi. Midomo ikibana kwa uchungu, hivyo ni vidole vinavyojikunja kwa ndani. Tangu mwaka 1955 mkono huo ulikuwa wa Jim Henson, aliyemtengeneza Kermit kutokana na koti kuukuu la mama yake. Henson alifariki Mei 1990. Filamu hii iliongozwa na mwanawe, Brian, na mkono ndani ya Kermit ukawa wa Steve Whitmire. Sasa fikiria tukio lile Cratchit anaporudi nyumbani na kuieleza familia mahali alipomchagulia marehemu Tim, mtoto wao, pa kulala: kilimani, panapoonekana bata mtoni. Sauti haipandi. Kichwa kinainama kidogo, kinanyanyuka, kinawatafuta waliobaki. Waliokuwa chini ya sakafu siku ile walikuwa wamemzika mwalimu wao, na filamu imetolewa kwa kumbukumbu yake na ya mwenzao Richard Hunt, aliyefariki Januari 1992.

Mzuka wa Krismasi zilizopita nao usipite bila kutazamwa. Nguo na nywele zake zinaelea taratibu kana kwamba hewa ya dunia haimhusu, kwa sababu kikaragosi kile kilipigwa picha ndani ya tangi la maji. Maji ndiyo yaliyoichezesha nguo.

Wimbo wa huzuni ambao Belle, mchumba wa ujana wa Scrooge, anamwagia kwaheri uliondolewa filamu ilipokwenda kwenye sinema, kwa hofu kwamba watoto wangechoka. Ulirudishwa mwaka 2022. Mimi nasimama upande wa wimbo: ule wa mwisho wa filamu unaujibu, na jibu lisilo na swali hupwaya. Wanangu hawajawahi kuchoka hapo. Wananyamaza.

Karibu na mwisho, Scrooge anaahidi fedha nyingi kwa wachangishaji wa maskini aliowafukuza mwanzoni. Mmoja wao ni Beaker, asiye na maneno, mwenye sauti ya kulialia tu. Beaker anavua skafu yake nyekundu na kumpa. Caine anaipokea kama mtu ambaye hajapewa kitu miaka mingi, anaitazama, kisha anamtazama aliyempa. Aliyekuwa chini ya Beaker ni Whitmire yule yule.