Uzimuaji wa Ngazi kwa Ngazi: Kuitambua Kazi Safi

Maziwa mabichi yaliyoanza kuchacha huwa na mamilioni ya bakteria katika kila mililita, na hayahesabiki yalivyo. Maabara huyazimua kwa ngazi: mililita 1 hutiwa kwenye mililita 9 za maji ya kuzimulia, kisha mililita 1 ya mchanganyiko huo huhamia mrija wa pili, na kuendelea. Mrija wa sita hubaki na sehemu moja ya maziwa katika milioni. Katika miaka ya 1870 daktari mpasuaji Joseph Lister alizimua maziwa yaliyochacha, hadi akatenga aina moja tu ya bakteria.

Ubora wa kazi hujulikana hata kabla sampuli haijaguswa. Maji matupu hudhoofisha seli, kwa hiyo hutumika maji ya chumvi ya asilimia 0.85 au ya peptoni. Mirija iliyotakaswa kwa mvuke hupungukiwa maji, na asiyepima upya huamini ana mililita 9 kumbe hana.

Ncha ya pipeti hubadilishwa kila ngazi. Hilo halina mjadala. Mrija nao hutikiswa vizuri kabla ya kuchota, kwani bakteria hushikana na kutuama. Kosa dogo hapa hujilimbikiza: pipeti inayotoa mililita 0.95 badala ya 1 hupunguza hesabu kwa karibu robo ifikapo ngazi ya sita.

Hakimu mwenyewe ni sahani za agari, zinazotiwa mchanganyiko wa kila ngazi ili bakteria waote na kuwa koloni. Zinazofaa kuhesabiwa ni zenye koloni 30 hadi 300 (viwango vingine husema 25 hadi 250). Chini ya hapo bahati hutawala. Juu yake koloni hubanana. Jicho zoefu hulinganisha sahani za ngazi jirani. Moja ikiwa na 212, inayofuata itarajiwe kuwa na 21 hivi. 17 au 26 si neno. Ikitoka 90, yaelekea ncha ilibeba mabaki ya ngazi ya juu. Sahani pacha zinazolingana koloni kwa koloni siku zote nazo zinatia shaka kuliko kupendeza, maana bahati haina unyoofu huo.

Koloni 212 kutoka mililita 1 ya ngazi ya nne ni sawa na 2,120,000 kwa mililita ya maziwa. Ripoti nzuri huandika milioni 2.1, tarakimu ya tatu ni pambo tu.