Kuitambua Kazi Safi ya Kuongeza Kasi ya Kompyuta

Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A. Kiwandani iliandikiwa 300 MHz, lakini watu walipoipandisha basi ya motabodi kutoka 66 hadi 100 MHz, nyingi kati ya prosesa hizo zilifanya kazi kwa 450 MHz bila tabu. Celeron hiyo iliwavuta wengi kwenye ovakloki, yaani kuiendesha prosesa au RAM kwa kasi kubwa kuliko iliyopangwa kiwandani.

Hadi leo kazi hii huhukumiwa kwa namba inayoonekana kwenye skrini, na namba hiyo haitoshi. Mashine inaweza kuonyesha 4.4 GHz sasa hivi na ikazima dakika chache baadaye. Kazi safi ina kipimo kimoja: mashine isikosee hesabu, iwe na mzigo au imetulia, leo na wiki ijayo.

Sababu iko ndani ya prosesa. Kila transista huhitaji muda mfupi mno ili kubadilika kutoka sifuri kwenda moja. Kasi ikipanda, muda inaopewa hupungua, na volti ndiyo inayoisaidia transista kuwahi. Volti isipotosha, biti husomwa kinyume. Biti hiyo ikiwa mahali nyeti, Windows husimama na kuleta skrini ya kosa, maarufu kama skrini ya bluu. Ikiwa ndani ya picha za harusi au hesabu za duka, hakuna kinachozima. Faili huhifadhiwa likiwa limeharibika. Ndiyo maana mjuzi huliogopa kosa la kimya kuliko mashine inayozima mbele ya macho yake.

Isome mashine inavyozima

Namna mashine inavyozima ni ushahidi. Ikiwaka na kuzima mara mbili tatu bila kufika hata kwenye BIOS, mshukiwa wa kwanza ni RAM: motabodi inajaribu kupatana nayo kwenye kasi mpya na inashindwa. Chomoa umeme, futa mipangilio ya BIOS kwa jampa yake au kwa kutoa betri ya CR2032, kisha anza upya kwa kasi ndogo zaidi.

Skrini ya bluu ikiandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, elekea kwenye prosesa. Mara nyingi volti yake ni ndogo kwa kasi uliyoitaka. Ujumbe wa MEMORY_MANAGEMENT na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA ukija kwa zamu, itazame RAM kwanza, ingawa draiva mbovu nayo huleta ujumbe huo huo. Faili la zip likikataa kufunguka kwa kosa la CRC, kisha likafunguka vizuri kwenye kompyuta nyingine, shaka juu ya RAM huwa kubwa sana.

Mashine ikikata ghafla chini ya mzigo mzito bila skrini ya bluu, chunguza joto na pawasaplai. Ikiganda wakati haina kazi yoyote, tazama volti ya chini: prosesa iliyotulia hujipunguzia volti, na aliyeibana kupita kiasi huumbuka hapo, hata kama majaribio mazito yalipita.

Tenganisha washukiwa

Mbahatishaji hupandisha prosesa na RAM kwa pamoja, na mashine ikizima hajui alaumu kipi. Mjuzi huirudisha RAM kwenye kiwango cha kawaida, ambacho kwa DDR4 huanzia 2133 kwa volti 1.2, akaijaribu prosesa peke yake. Ikitulia, huirudisha prosesa kwenye kasi ya kiwandani na kuijaribu RAM. Mwisho huziweka pamoja na kujaribu tena, maana vitu viwili vilivyo sawa kila kimoja peke yake huweza kushindwana vikikutana.

Usisahau kwamba XMP, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, nayo ni ovakloki, hata kama huwashwa kwa kubofya mara moja. Kwa DDR4 kwa kawaida hutumia volti 1.35, na kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa si lazima kiimudu kila kasi iliyoandikwa kwenye pakiti.

Pima namba kwa akili

Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Chukua prosesa inayofanya 4.2 GHz kwa volti 1.25. Ukiitaka ifanye 4.4 GHz na ikadai volti 1.40, umepata kasi isiyozidi asilimia 5 kwa umeme wa ziada wa takriban asilimia 31, na umeme huo wote huwa joto. Fundi mwenye busara husimama pale ambapo hatua ndogo ya kasi inaanza kudai hatua kubwa ya volti.

Kwa RAM, gawanya CL, yaani mizunguko inayosubiriwa kabla ya jibu, kwa nusu ya kasi iliyoandikwa, kisha zidisha kwa 1000. RAM ya 3200 yenye CL16 hujibu baada ya nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL20 huchukua zaidi ya 11. Kwenye Ryzen za mfululizo wa 3000, RAM ya 3600 huenda sambamba na njia ya ndani iitwayo Infinity Fabric kwa 1800 MHz. Ukivuka hapo, kwa kawaida kidhibiti cha RAM hushuka hadi nusu ya kasi ya RAM, na jibu huchelewa zaidi.

Jaribio la kweli

Anza na Memtest86+, inayofanya kazi kabla ya Windows kuwaka, ili RAM mbovu isiharibu mfumo wako. Kosa moja tu ni kushindwa. Kisha tumia Prime95, programu ya mradi wa kusaka namba tasa za Mersenne ulioanzishwa mwaka 1996. Uzuri wake ni kwamba hulinganisha hesabu na majibu yanayojulikana, hivyo hukamata kosa hata mashine isipozima. Jaribio lake la Small FFTs hubana prosesa. Blend hushirikisha RAM. Liache usiku kucha. Baadaye fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute WHEA-Logger: makosa yaliyorekebishwa kimyakimya nayo ni makosa.

Jaribu pia katika joto halisi. RAM iliyobanwa muda wake inaweza kupita salama ikiwa baridi, ikaanza kukosea kadi ya michoro inapoipulizia hewa ya moto. Mipangilio iliyotulia Arusha mwezi wa Julai haina dhamana Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari.

Ukiuziwa mashine iliyopandishwa kasi, omba kuona volti, joto chini ya mzigo, na matokeo ya Memtest86+ na Prime95. Muuzaji asipoweza kukuonyesha, mwambie airudishe kwenye kasi ya kiwandani, nawe ulipe bei ya kasi hiyo. MHz 100 zilizopotea hutazihisi. Faili lililoharibika bila wewe kujua halirudi.