Mzigo Hufuata Njia: Misaada Ilivyopanda Milima Baada ya Helene

Septemba 28, 2024, siku moja baada ya kimbunga Helene kupiga milima ya magharibi mwa North Carolina, Marekani, idara ya barabara ya jimbo hilo iliwaambia wananchi wahesabu kwamba barabara zote za ukanda huo zimefungwa. Busick, katika kaunti ya Yancey, ilikuwa imepokea zaidi ya milimita 750 za mvua kwa siku chache tu. Barabara kuu ya I-40 ilimegwa na mto Pigeon. Umeme ulikatika na simu zikanyamaza. Miji midogo kama Burnsville, Swannanoa na Black Mountain ikabaki kama visiwa, na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha jimboni humo.

Hata hivyo, siku hizohizo chakula na dawa vilianza kuwafikia watu, vikibebwa na raia waliojitolea bega kwa bega na vikosi vya serikali. Moyo wa huruma ulikuwepo, lakini huruma haipandi mlima. Kilichopandisha mzigo ni mpangilio, nao una mafunzo.

Kwanza, safari ilikatwa vipande. Michango ilikusanywa nyanda za chini, hasa kwenye viwanja vya ndege vya Concord na Hickory, ambako malori yaliweza kufika. Hapo waliingia marubani wa Operation Airdrop, shirika la kujitolea lililozaliwa Texas baada ya kimbunga Harvey cha mwaka 2017. Ndege ndogo ziliruka hadi viwanja vidogo vya milimani, na helikopta zikatua pasipo na uwanja. Kutoka hapo mzigo ulikwenda kwa magari madogo, kwa migongo ya watu na kwa nyumbu.

Sisi Watanzania mara nyingi tunataka lori lililopakiwa mjini liende moja kwa moja hadi mlangoni kwa mwathirika. Likinasa kwenye tope, msaada wote umenasa. Safari ikikatwa vipande, kila kipande kinapata chombo kinachokiweza, na njia moja ikiharibika, kinachokwama ni sehemu tu ya mzigo.

Pili, chombo ndicho kilichoamua kibebwe nini. Wafugaji wa Mountain Mule Packer Ranch walipeleka nyumbu wa kufugwa, wale waitwao pia baghala, kwenye njia ambazo gari halikuweza kupita. Nyumbu mmoja hubeba takribani kilo 90. Tupige hesabu. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Nyumbu aliyebeba maji, basi, anawatosheleza watu sita kwa siku moja. Akibeba unga, kwa gramu 400 kwa mtu kwa siku, analisha watu 45 kwa siku tano. Na chupa moja ya insulini ya mililita 10, ambayo unaishika kwa vidole viwili, ina yuniti 1,000: mgonjwa anayetumia yuniti 40 kwa siku anaishi nayo siku 25.

Ndiyo maana insulini, chakula na nepi za watoto vilipewa nafasi mgongoni mwa nyumbu. Kadiri njia inavyozidi kuwa nyembamba, ndivyo kila kilo inavyopaswa kuokoa maisha zaidi. Kwenye njia kama hiyo, kupeleka vichujio au dawa ya kusafishia maji kuna maana zaidi kuliko kupeleka maji yenyewe. Na robota la mitumba, hata likitolewa kwa moyo safi, linakalia nafasi ya dawa ya mtu.

Tatu, taarifa zilishuka wakati mizigo ikipanda. Mitandao ya simu ilipozimika, mtambo wa redio za mawasiliano ulioko Mount Mitchell, mlima wa mita 2,037, uliendelea kufanya kazi kwenye masafa ya megahezi 145.190. Mtu mwenye redio ndogo ya mkononi bondeni alirusha sauti yake hadi kileleni, na mtambo ukaisambaza mbali. Wapenzi wa redio hizo wakageuka kuwa matarishi: nani kazingirwa, nani kaishiwa dawa, barabara ipi imefunguka. Bila taarifa hizo, rubani angepakia kwa kubahatisha.

Nasi Tanzania tumeyaona maafa kama hayo. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlima Hanang na kuangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watanzania walichanga kwa wingi, na kuchanga hatuna haja ya kufundishwa. Tunachohitaji ni kujua mapema nani atabeba kilometa ya mwisho.

Mkoani Manyara, ulipo mlima huo, punda hubeba maji na mahindi kila siku, na bodaboda wanajua vichochoro ambavyo ramani haina. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo zifungue daftari kabla ya masika: nani ana punda na wangapi, nani ana pikipiki au mtumbwi, nani ana redio, nani anaishi kwa sindano ya insulini. Ni kazi ya jioni chache na gharama yake ni kalamu. Siku barabara itakapokatika, daftari hilo ndilo litakalosema mzigo uanzie kwa nani na uishie mlango upi.