Ibn al-Nadim na Hesabu ya Karatasi

Katika masomo ya historia, habari ya karatasi katika nchi za Kiislamu husimuliwa kwa sentensi moja: kwamba mwaka 751, katika vita vya Talas, Waarabu waliwateka mafundi wa Kichina, nao wakawafundisha watu wa Samarkand kutengeneza karatasi. Sisi nasi tuliisadiki hadithi hiyo na kuifundisha, mpaka tulipokisoma kwa makini kitabu al-Fihrist, alichokitunga Ibn al-Nadim mjini Baghdad mwaka 987.

Ibn al-Nadim alikuwa warraq, yaani mwenye kazi ya kunakili na kuuza vitabu. (Neno hilo ni la shina moja na waraka, ambao sisi walimu huupokea kutoka juu bila ya furaha nyingi.) Shabaha yake ilikuwa kuorodhesha vitabu vyote vilivyopatikana kwa Kiarabu, katika makala kumi. Alipofika kwenye karatasi ya Khurasani, hakukata shauri. Asema wengine waliihesabu ya siku za Banu Umayya, wengine ya siku za Banu Abbas. Na kwamba yasemekana mafundi wa China ndio walioitengeneza huko. Habari ya mateka twaipata kwa al-Tha'alibi, aliyefariki mwaka 1038. Tena, barua za wafanyabiashara Wasogdi za karne ya 4, zilizogunduliwa karibu na Dunhuang mwaka 1907, zimeandikwa juu ya karatasi. Basi watu wa Samarkand hawakuingoja vita ili waijue.

Lakini thamani kubwa ya kitabu hiki imo mahali ambapo msomaji mwenye haraka atapapita. Katika sehemu ya washairi, mtunzi ataja ukubwa wa kila diwani kwa idadi ya karatasi, na kipimo chake akieleza wazi: karatasi ya Sulaymani, yenye mistari 20 kila upande. Mnunuzi aliweza kujua kama nakala aliyouziwa ni kamili au imepunguzwa. Hesabu ya namna hii yataka bidhaa iliyo nyingi. Ngozi ilikuwa ghali, na mafunjo yalitegemea Misri. Bali matambara ya kitani yalipatikana kila mji. Mafundi waliyalowesha, wakayaponda hata yakawa uji, wakauchota kwa chekeche, wakakausha, kisha wakapaka wanga ili wino usitawanyike. Hivyo maduka ya vitabu yakajaa, hata al-Jahiz wa Basra, kwa habari ya kitabu hikihiki, alikuwa akiyakodi ili akeshe humo akisoma.

Dosari yake ni dharau ya mtaalamu. Hezar Afsan, kitabu cha Kiajemi ambacho ndicho chimbuko la Alfu Lela Ulela, amekihukumu kuwa hafifu, chenye masimulizi ya kipuuzi. Hapo hatuafikiani naye. Vitabu vingi alivyovisifu vimepotea, twavijua kwa majina tu. Na katika Chicago kimehifadhiwa kipande cha karatasi kutoka Misri, ambacho mtu mmoja alikiandika-andika pembeni na kutia tarehe ya mwaka 879. Chini ya maandishi hayo yasomeka mwanzo wa hadithi za Alfu Lela, zilezile.