Nunda Ana Mwenyewe: Simulizi ya Mla Mifugo na Usomaji Wake kutoka Uwanda wa Kati

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu nunda, ambaye pia huitwa mngwa, umeendeshwa kwa swali moja tu: yupo au hayupo? Wapo wanaosema ni spishi ya paka mkubwa ambayo sayansi haijaithibitisha. Wapo wanaosema ni chui au simba aliyevikwa hofu za watu. Kambi zote mbili zinadhani kwamba simulizi inatoa madai ya kizoolojia, kisha zinatofautiana kuhusu ukweli wa madai hayo. Makala haya yanashikilia kwamba simulizi haikuuliza swali hilo. Iliuliza mnyama ni wa nani. Swali hilo la pili halionekani kwa urahisi mtu akiisoma hadithi ya Unguja peke yake, lakini linajitokeza wazi hadithi hiyo inapowekwa kando ya imani za uwanda wa kati wa Tanzania kuhusu fisi na simba.

Matini ya msingi ni hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870. Sultani anamfuga paka. Paka anaua ndama, watu wanakwenda kushtaki, na sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi aachwe. Mnyama anaendelea kupanda ngazi: ng'ombe, punda, ngamia, hadi binadamu. Kila mara shauri linapelekwa barazani, na kila mara linazimwa kwa hoja ileile ya umiliki. Katika sehemu hii yote mnyama anaitwa paka. Jina la nunda linatoka kinywani mwa sultani mwenyewe, siku mnyama anapowaua wanawe. Hapo ndipo anapotangaza kwamba huyu si paka tena.

Wahakiki wamezoea kuliona badiliko hilo kuwa la kimaumbile: paka amekua, amekuwa dubwana. Matini haielekei huko. Kilichobadilika ni uhusiano wa mnyama na bwana wake. Paka ana mwenyewe, nunda hana. Kumpa jina jipya ni kumkana, na mwenye kumkana ndiye aliyemlea. Si bure kwamba katika Kiswahili cha leo neno nunda humwelezea pia mtu katili: maana hiyo haikuongezwa juu ya hadithi, imo ndani yake tangu mwanzo.

Sehemu ya pili ya hadithi inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko ilivyozoeleka. Mwana mdogo wa sultani anatoka kumsaka nunda bila kumjua. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, wakiwemo punda milia, twiga, kifaru, hata tembo, na kila mzoga mama yake anaukataa: huyu siye. Anayedai kwamba wasimulizi wa zamani hawakuweza kutofautisha mnyama wa kweli na wa kubuni hana budi aeleze kipengele hiki. Hadithi imejenga ndani yake utaratibu wa kuthibitisha, tena mkali. Dai la mwindaji halikubaliwi kwa ukubwa wa mzoga.

William Hichens hakuwa na subira ya mama huyo. Aliwahi kuwa mtawala wa kikoloni Tanganyika, na mwaka 1937 alichapisha katika jarida la Discovery makala kuhusu wanyama wa ajabu wa Afrika, akisimulia mauaji ya usiku katika pwani ya kusini na nywele za kijivu zilizokutwa mkononi mwa marehemu. Anaeleza kuwa jibu la waliozichunguza lilikuwa la mashaka: huenda ni za paka. (Hadithi ya Steere ilikuwa imelisema hilo miaka 67 kabla, bila mashaka.) Kinachoshangaza ni kwamba Hichens hakuwa mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Ndiye aliyehariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka 1940. Lakini alipofika kwa mngwa, aliugeuza hata utungo unaonasibishwa na Fumo Liongo kuwa hati ya ushahidi wa kale. Bernard Heuvelmans alilipokea suala hilo katika kitabu chake cha mwaka 1955, na tangu hapo utungo na hadithi vimebaki kizimbani kama mashahidi. Katika makala yaleyale ya mwaka 1937 Hichens anataja kwamba alitumwa rasmi kumwinda simba mla watu katika misitu iliyo magharibi ya mbuga ya Wembere. Habari hiyo imesomwa kwa sababu ya viumbe wawili wadogo wenye manyoya aliodai kuwaona akiwa mafichoni. Simba na watu aliowala wamesahauliwa.

Huko bara, swali la kuwepo kwa mnyama lina uzito mdogo. Fisi yupo, kila mwenye zizi Ugogo anamjua kwa sauti na kwa nyayo. Linalojadiliwa asubuhi baada ya mbuzi kuuawa ni kama alikuja kwa njaa yake au alitumwa. Robert F. Gray, akiandika mwaka 1963 kuhusu Wambugwe walio ukingoni mwa kaskazini wa uwanda huu, alieleza imani kwamba wachawi humiliki fisi, huwakamua na kuwapanda, na kwamba fisi hao ni ng'ombe wa usiku. Sitiari hiyo ni kali. Mla mifugo mwenyewe ni mfugo, ana zizi lake na bwana wake, ila katika saa ambazo jirani hawezi kuona. Unyaturu, mauaji ya Singida ya miaka ya 1940 yalihusishwa na mbojo, simba-mtu. Katika maandishi ya Wyatt (1950) na ya Schneider aliyeyatathmini upya (1962), mbojo hatembei peke yake. Yupo anayemfuga na kumtuma.

Tofauti kati ya pwani na bara isifichwe. Katika hadithi ya Unguja mwenye mnyama anajulikana na hagusiki. Katika imani za bara hajulikani, kwa hiyo hutafutwa, na anayepatikana mara nyingi ni mtu dhaifu: mwanamke mzee, mjane, jirani asiye na ukoo wa kumtetea. Usomaji unaosifu hekima ya simulizi bila kutaja gharama hiyo ni usomaji wa nusu. Hata hivyo, asili ya swali ni moja, nalo ni la uwajibikaji.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inawaweka wanyamapori wote chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Mfugaji wa Manyoni anayepakana na pori la Kizigo, au wa Kondoa karibu na Swagaswaga, anapoamka na kukuta ng'ombe ameraruliwa, aliyemrarua ana mwenyewe kisheria. Kwa hasara hiyo kanuni za mwaka 2011 zinampa kifuta jasho. Akifiwa na mtu, kifuta machozi. Istilahi zote mbili zimeundwa kwa ustadi. Zinakiri kwamba mwili umetoka jasho na jicho limetoka machozi, bila kutaja aliyesababisha. Neno la Kiswahili ambalo lingemtaja lipo, nalo ni fidia, lakini fidia hudaiwa kwa mwenye mnyama.